Robert Jones, bendeji ya goti na utepe wa rangi unaouliziwa sana

Kama wewe au mtoto wako ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti siku za karibuni, bila shaka umekwisha kusikia habari za ule utepe wa rangi unaovutika, wa buluu, wa waridi au mweusi, ambao wachezaji wa mpira na wakimbiaji hubandika magotini na mabegani. Swali linaloulizwa ni lile lile: nikiubandika, goti litapona haraka? Jibu nitakupa. Ila kwanza nikusimulie maisha ya daktari mmoja aliyefariki mwaka 1933, miaka mingi kabla utepe huo haujabuniwa. Jina lake bado linatajwa kwenye wodi za mifupa, mara nyingi na watu wasiojua alikuwa nani, na swali lako yeye alilikuta likiwa na sura nyingine.

Huyo ni Robert Jones. Alizaliwa tarehe 28 Juni 1857 huko Rhyl, mji wa pwani ya kaskazini ya Wales. Baba yake aliacha biashara akaenda kutafuta maisha kwa uandishi London, na kalamu haijazi chungu kila siku, kwa hiyo nyumba ikaingia dhiki. Robert alipofika umri wa miaka 16 alichukuliwa na shangazi yake mjini Liverpool, akalelewa katika nyumba namba 11, mtaa wa Nelson. Mume wa shangazi ndiye aliyempa kazi ya maisha yake yote.

Mume huyo, Hugh Owen Thomas, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey. Usishangae. Watu kama hao tunao hata huku kwetu, mtu amevunjika mkono anapelekwa kwa mzee fulani kijijini badala ya hospitali. Baba yake Hugh alikuwa mwunga mifupa asiye na cheti, akashtakiwa na madaktari zaidi ya mara moja, hatimaye akaamua wanawe wasomee udaktari ili wasisumbuliwe kama alivyosumbuliwa yeye. Hugh akawa daktari mwenye vyeti lakini mikono ikabaki ya ukoo. Alikuwa mfupi, mwembamba, kofia imeshushwa upande mmoja kuficha jicho lililowahi kuumia, sigara haitoki mdomoni (hilo msiige). Nyumbani kwake alikuwa na mhunzi na fundi ngozi wakitengeneza mabanzi ya kushikilia viungo vilivyoumia. Kila Jumapili alitibu maskini bila malipo, mabaharia na wachukuzi wa bandarini wakijaa mlangoni.

Banzi lake moja huenda umeliona kwa macho yako. Lina pete iliyoviringishwa ngozi juu ya paja, na vyuma viwili virefu vinavyoshuka hadi kupita unyayo. Mtoto aliyevunjika paja akilazwa katika hospitali zetu, mara nyingi ndilo analowekewa, na wauguzi huliita kwa jina la Thomas. Yeye alilibuni kwa ajili ya magoti yaliyoharibiwa na kifua kikuu cha viungo. Imani yake ilikuwa mapumziko: kiungo kinachoumwa kitulizwe kabisa, bila kukatishwa, kwa muda mrefu kadiri inavyohitajika.

Robert Jones alisoma udaktari Liverpool, akafuzu mwaka 1878, akafanya kazi na Thomas bega kwa bega. Alijifunza kutuliza kiungo. Alijifunza pia jinsi ya kujua kwamba muda wa kukituliza umekwisha: unalifungua banzi, unamwacha mgonjwa akitumie kiungo siku chache, kisha unapima. Kama kinakunja na kunyooka kama mwanzo, endelea. Kama kimeanza kukaza, bado hakijawa tayari, kirudishe kwenye utulivu. Ushike mtindo huo wa kupima kabla ya kuamua, kwa sababu mpaka leo goti lililopasuliwa huulizwa swali linalofanana na hilo. Ukifanya mazoezi leo na kesho goti likaamka limevimba zaidi na limekaza, umezidisha. Punguza na umweleze mtaalamu wako. Likiamka kama jana au nafuu kuliko jana, hujakosea.

Mwaka 1888 Jones, akiwa na umri wa miaka 31, alipewa kazi ya kusimamia matibabu ya wafanyakazi waliokuwa wakichimba mfereji wa meli wa Manchester, kazi yenye urefu wa kilomita 58 hivi na maelfu ya vibarua. Mawe yalianguka, vichwa vya treni viligonga watu, mikono na miguu ilisagika. Alipanga vituo vya huduma ya kwanza kando ya mfereji wote na hospitali katikati, majeruhi wakisafirishwa kwa reli ya mradi wenyewe. Hakusubiri waletwe mjini. Thomas alifariki Januari 1891 kazi ikiendelea, na Jones akarithi wagonjwa pamoja na Jumapili za bure.

Mwaka 1896, wiki chache tu baada ya habari za eksirei kutangazwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani, Jones alimpeleka kwa mwanafizikia Oliver Lodge mtoto mmoja mwenye risasi ndogo mkononi, na risasi ikaonekana kwenye picha. Ilikuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa za eksirei kutumika katika matibabu nchini Uingereza. Baadaye kifaa hicho kilimfaa yeye mwenyewe. Alikuwa akicheza dansi, akakanyaga vibaya kwa upande wa nje wa mguu, akasikia maumivu. Wengi tungesema ni mtetereko, tukapaka dawa ya kuchua. Yeye aliomba picha, akaukuta mfupa umevunjika, akatafuta wagonjwa wengine wenye kisa hicho, na mwaka 1902 akaandika makala. Ukisikia mchezaji wa mpira amevunjika mfupa wa Jones, ni mguu wa huyu daktari aliyekuwa akicheza dansi.

Sasa tuingie kwenye goti. Mwaka 1909 Jones alichapisha makala kuhusu magoti yaliyoharibika ndani, hasa gegedu zilizochanika, akitegemea operesheni zaidi ya 500 alizozifanya yeye mwenyewe. Hiyo ni idadi kubwa kwa wakati ule. Hapakuwa na penisilini. Goti likiingia usaha, mtu angeweza kupoteza mguu au uhai. Leo gegedu hutazamwa kwa kamera nyembamba kupitia matundu madogo. Wakati ule goti lilifunguliwa kwa kisu.

Jina lake limebaki kwenye bendeji inayofungwa gotini baada ya upasuaji au jeraha. Ni pamba nene inayozungushwa kutoka chini ya goti hadi juu ya paja, juu yake bendeji inayobana kiasi, kisha pamba tena na bendeji tena, mpaka mguu unakuwa mnene kama gogo. Unene wa pamba ndio unaoufanya mbano uenee sawasawa bila kukata mahali pamoja. Madaktari wa mifugo nao huitumia sana kwa miguu ya farasi na mbwa, na huambizana kwamba ikifungwa vizuri, ukiigonga kwa kidole italia kama tikiti lililoiva.

Kwa nini uvimbe usumbue watu kiasi hicho? Goti likijaa maji, mishipa ya fahamu ya goti hupeleka taarifa inayouzima msuli mkubwa wa mbele ya paja. Mgonjwa anaambiwa kaza paja, anajaribu, paja halikazi. Si uvivu. Msuli usiotumika hunywea haraka, na katika wiki chache utaona paja moja limekuwa dogo kuliko jingine. Bila msuli huo goti halinyooki sawasawa, na mtu huchechemea hata kama mshono umekauka vizuri. Bendeji, barafu iliyofungwa kwenye taulo kwa dakika 10 hadi 15, kuinua mguu juu, vyote hivyo ni vya kupunguza uvimbe ili paja liamke.

Na utepe wa rangi umekuja kuingia hapo. Ulibuniwa Japani katika miaka ya 1970 na Kenzo Kase. Ni kitambaa cha pamba kinachovutika kwa urefu, chenye gundi upande mmoja, na hukaa mwilini siku 3 hadi 5 hata ukioga. Michezo ya Olimpiki ya Beijing ya 2008 ndiyo iliyoutangaza. Wanaoutumia hueleza kwamba huinua ngozi kidogo na kuyapa majimaji ya uvimbe njia ya kutoka, na kwa goti lililovimba hukatwa vipande vyembamba kama vidole vya mkono vikitandazwa kuzunguka goti. Maelezo hayo hayajathibitishwa vya kutosha. Tafiti za wagonjwa waliobadilishiwa goti au kurekebishiwa ligamenti hazikubaliani: baadhi zimeona maumivu na uvimbe vikipungua kidogo katika wiki za mwanzo, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Hata bendeji ya Jones yenyewe, ilipopimwa kwa wagonjwa wa kubadilishiwa goti, haikuonyesha faida kubwa kama watu walivyodhani.

Basi jibu langu ni hili. Utepe unaweza kukupa nafuu ndogo inayokuwezesha kufanya mazoezi bila kuogopa, na kama unaupata bila kujinyima, hauna ubaya. Haushikilii goti, haurudishi gegedu, haukazi paja. Ukilazimika kuchagua kati ya kununua utepe na nauli ya kwenda kliniki ya fiziotherapia, chukua nauli.

Ukiamua kuutumia, mwulize aliyekupasua kwanza, na mara ya kwanza ubandikwe na mtaalamu wa fiziotherapia huku ukitazama. Usiubandike juu ya mshono, nyuzi au kidonda ambacho hakijafunga. Usiubandike penye joto kali, wekundu au usaha. Mwenye kisukari, mzee mwenye ngozi laini kama karatasi, na mtu ambaye plasta za kawaida humtoa malengelenge, ajaribu kwanza kipande kidogo kwa siku moja. Ngozi iwe safi, kavu, bila mafuta. Ncha mbili za utepe zilale bila kuvutwa kabisa, maana wengi huvuta mpaka mwisho wakidhani ndiyo nguvu ya dawa, matokeo yake ni ngozi kuchubuka. Kuutoa usiufyatue kama bendeji ya mtoto mtukutu. Ulowanishe kwa maji au mafuta, ushikilie ngozi kwa mkono mmoja, uukunje taratibu kufuata vinyweleo.

Lipo jambo moja ambalo utepe haupaswi kukuziba macho usilione. Shavu la mguu likivimba na kuuma, hasa upande mmoja, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usibandike chochote, usichue, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukipata shida ya kupumua au maumivu ya kifua, usingoje hata saa moja. Homa, mshono unaotoa majimaji yenye harufu, vidole vya mguu vilivyopoa, kufa ganzi au kubadilika rangi chini ya bendeji, navyo vina haraka yake.

Tumrudie Jones, maana sehemu ya maisha yake inayowahusu wazazi bado. Mwaka 1900 nesi mmoja, Agnes Hunt, alifungua nyumba ya kuuguzia watoto kijijini Baschurch, Shropshire. Yeye mwenyewe alikuwa mlemavu wa nyonga tangu utotoni kwa sababu ya maradhi ya mfupa, akitembea kwa magongo. Nyumba ilikuwa na ngazi zisizowezekana kupandishia wagonjwa, basi watoto wakalazwa kwenye vibanda bustanini, upande mmoja wazi, upepo na jua vikiingia. Mwaka 1903 Hunt alikwenda Liverpool kutibiwa na Jones. Wakafahamiana, na Jones akaanza kusafiri mpaka Baschurch siku za Jumapili kuwapasua na kuwatazama watoto wale.

Walichokigundua wawili hawa si kisu kipya. Mtoto alipasuliwa vizuri, akanyooshwa, akarudishwa kwao mguu ukiwa sawa. Miezi ikapita. Akiletwa tena, mguu umepinda upya. Nyumbani banzi lililegea, hakuna aliyejua kulifunga. Mama alikuwa na watoto wengine na kazi. Hospitali ilikuwa mbali na nauli haipo. Kuwalaumu wazazi lingekuwa jambo rahisi, na madaktari wengi wa zama zile hawakusita kufanya hivyo. Hunt na Jones waliamua kwamba ikiwa mtoto hawezi kuifuata kliniki, kliniki imfuate mtoto. Kuanzia mwaka 1907 wakaanza kufungua kliniki ndogo za ufuatiliaji katika miji ya jirani, nesi akija kwa siku maalumu kukagua banzi, kunyoosha kiungo, kumfundisha mama.

Tazama linavyofanana na hali ya nyumbani kwako. Mtoto katoka wodini, goti linauma, unamwonea huruma. Unamwekea mto chini ya goti ili lilale limekunjwa kidogo, na kweli maumivu yanatulia. Anakaa hivyo usiku na mchana wiki mbili. Goti linajifunza kukaa limekunjwa, na kulinyoosha baadaye kutachukua miezi, pengine na upasuaji mwingine. Mto uondoe. Weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, goti likae hewani, uzito wake wenyewe ulinyooshe. Mwambie asukume goti kuelekea kitandani huku akikaza paja, ahesabu mpaka tano, aachie, mara kumi, na arudie kila baada ya saa kadhaa akiwa macho. Achezeshe kisigino na vidole juu na chini ili damu itembee. Kama daktari ameagiza goti lisikunjwe kupita kiwango fulani, au lisikanyagiwe, agizo lake ndilo linalofuatwa, kwa sababu gegedu iliyoshonwa haitunzwi sawa na goti lililobadilishwa. Omba maagizo hayo yaandikwe kwenye karatasi kabla hujaondoka wodini, si kwa maneno ya haraka mlangoni.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, Jones alikuwa na miaka 57. Mwanzoni, kati ya askari 100 waliovunjwa paja kwa risasi, karibu 80 walikufa, wengi wakipoteza damu na kuishiwa nguvu huku mfupa ukicheza ndani ya nyama njiani kuelekea hospitali. Jones alipigania banzi la Thomas lifungwe mapema, karibu na uwanja wa vita. Wabeba machela walifundishwa kulifunga hata wakiwa wamefumbwa macho, kwa kuwa usiku hapakuwa na taa. Kuelekea mwisho wa vita vifo vilishuka hadi karibu 20 kati ya 100. Banzi si sababu pekee, matibabu mengine nayo yalikuwa yameboreka, lakini mchango wake haupingwi. Ajabu ni kwamba Thomas alilibuni takriban miaka 40 kabla na madaktari wengi wakalipuuza.

Katika hospitali za kijeshi alizoziongoza, Alder Hey mjini Liverpool na Shepherd's Bush London, askari hakuruhusiwa kwenda kwao kwa sababu tu kidonda kimefunga. Palikuwa na vyumba vya kuchua, mabwawa, ukumbi wa mazoezi, na karakana za useremala, ushonaji na viatu. Mwenye kiungo kilichokaza alipewa kazi ya kukitumia, kwa mfano mashine ya kukanyaga kwa mguu, akapinda na kunyoosha mamia ya mara bila kuhesabu. Mtoto wako naye akichoshwa na kuhesabu, mpe mpira akiwa ameketi kitini, ausukume mbele na nyuma kwa unyayo, mradi mtaalamu wake ameruhusu.

Jones alipewa cheo cha meja jenerali, na mwaka 1917 akatunukiwa heshima ya kuitwa Sir. Vita vilipokwisha alirudi kwenye wazo la Baschurch. Mwaka 1919, pamoja na daktari kijana Gathorne Girdlestone, alitoa mpango kwa nchi nzima: kila eneo liwe na hospitali moja kubwa ya mifupa, iliyozungukwa na kliniki ndogo zilizo karibu na watu, ili mtoto aliyepasuliwa asipotee machoni. Mpango huo ulifuatwa katika sehemu nyingi za Uingereza. Mwaka 1921 hospitali ya Hunt ilihamia Oswestry.

Robert Jones alifariki tarehe 14 Januari 1933 huko Llanfechain, Wales, akiwa na umri wa miaka 75. Majivu yake yamehifadhiwa katika Kanisa Kuu la Liverpool. Hospitali ya Oswestry ingali ipo, inaitwa kwa majina yao wawili, yeye na Agnes Hunt, na magoti bado yanapasuliwa hapo.